Kabla hujaongeza timu za mtoano kwenye ligi yako

Mimi ni katibu wa ligi ya mtaani Mikindani: timu 16, zawadi mbuzi na seti ya jezi. Msimu uliopita viongozi wa timu walinibana nikapitisha timu 12 kwenye mtoano badala ya nne. Zilipobaki mechi tano, timu za juu zikaanza kuleta watoto uwanjani. Wakubwa walikuwa shambani wanaokota korosho, maana nafasi wameshaipata, wagombee nini tena? Watazamaji wakahamia kwenye bao.

Kama nawe unataka kuongeza, tazama kwanza walivyofanya Wamarekani kwenye mpira wao ule wa kubeba mikononi. (Fainali yao huwa naikeshea mpaka saa nane na nusu usiku, mke wangu ananiona mwehu.) NFL, ligi yao kuu, ina timu 32, kanda mbili za timu 16. Tangu 1990 zilikuwa zinapita sita kila kanda. Msimu wa 2020 wakafanya saba.

Anza na hesabu: usivuke nusu. Saba kati ya 16 bado ni kugombania. Kumi na mbili kati ya 16 ni foleni ya unga.

Halafu jiulize aliye juu umemwachia nini cha kupigania. Hapa ndipo nilipoharibu. Zamani kila kanda ya NFL timu mbili za juu zilipumzika raundi ya kwanza. Walipoongeza ya saba, wakabakiza moja tu ya kupumzika. Wa pili naye anaingia uwanjani kucheza na wa saba. Kwa hiyo mlango wa chini ulipanuka, ule wa juu ukabanwa. Kwa mchezo wa kugongana vile, wiki moja ya kuuguza mbavu si kitu cha kuachia.

Usimtegemee wa saba kwa maajabu. Misimu mitano ya mwanzo, 2020 hadi 2024, hao wa saba walicheza mechi 10 wakashinda moja: Green Bay Packers waliwachapa Dallas Cowboys 48–32 kwao, Januari 2024. Faida yake iko kwenye ligi yenyewe, pale wa nane na wa tisa wanapoendelea kuhangaika hadi siku ya mwisho. Tena inapunguza dhuluma: 2008 New England Patriots walishinda 11, wakapoteza tano, wakabaki nje. San Diego Chargers, nane kwa nane, wakaingia kwa kuongoza kundi lao dogo la timu nne ndani ya kanda.

Kupanga ni rahisi: 2 na 7, 3 na 6, 4 na 5, nyumbani kwa aliye juu. Wa kwanza anasubiri, kisha anapewa wa chini kabisa kati ya waliobaki. Andika haya yote, pamoja na namna ya kutenganisha pointi zikilingana, na manahodha wasaini kabla mpira haujapigwa. Msimu huu nimefanya hivyo. Kiongozi mmoja ameshakuja kuniulizia nafasi ya nane.

Nimemwonyesha saini ya nahodha wake.