Kumfunza na Kumzoesha Mazoezi Mtoto wa Mbwa wa Mbio Mashambani Unguja

Mkulima wa Kusini Unguja anayepanda mihogo, ndizi au mahindi pembezoni mwa msitu hahitaji kuelezwa hasara ya kima, na si ajabu kwamba wapo wanaotafuta mbwa mwepesi wa miguu wa kuwasaidia kulinda shamba. Mbwa wa namna hii, awe saluki au greyhound aliyeletwa kutoka nje, au awe mtoto wa koko mwenye miguu mirefu, kifua kirefu na tumbo lililoingia ndani, huwinda kwa macho zaidi kuliko kwa pua. Chochote kinachoondoka mbele yake kwa kasi hukifuata, na akishaondoka huwa vigumu kusikia sauti ya mtu. Greyhound mzima hufikia karibu kilomita 65 kwa saa, na mbio hizo zina maana kwamba kabla mwenye shamba hajamaliza kuita, mbwa amekwisha kuvuka mpaka wa jirani. Kwa sababu hiyo ushauri wetu mkubwa ni kwamba mtoto wa mbwa huyu afunzwe kurudi kabla ya kuachiwa kukimbia, kwa kuwa mbio amezaliwa nazo, lakini kurudi ni lazima afunzwe.

Kwa wengi wetu visiwani swali la kwanza ni la dini, na ni vyema lijibiwe mapema ili mafunzo yasikwame nyumbani. Kufuga mbwa kwa ajili ya kuwinda, kulinda mifugo au kulinda mazao kumeruhusiwa katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, ijapokuwa katika madhehebu ya Shafi mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo kibanda chake kijengwe nje, mbali na kisima na jiko, awe na bakuli zake mwenyewe, na anayemfunza atenge nguo za kazi hiyo. Isitoshe, masharti ambayo mafakihi wameyaweka kwa mbwa wa kuwinda aliyefunzwa ni kipimo kizuri hata kwa bwana shamba: akitumwa huenda, akizuiwa huzuilika, na akikamata hali alichokamata. Sharti la kwanza kwa mbwa wa mbio halina kazi. Lililo gumu ni la pili, nalo ndilo linalostahili kupewa sehemu kubwa ya mwaka wa kwanza.

Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya kutimiza wiki nane. Tangu hapo hadi kiasi cha wiki kumi na nne ndipo anapozoea dunia kwa urahisi, na alichokiona kwa utulivu katika muda huo hakimshtui wala hakimvuti sana ukubwani. Aonyeshwe kuku, paka, mbuzi, punda, ng'ombe aliyefungwa kamba malishoni, gari la ng'ombe, bodaboda na watoto wanaorudi chuoni. Kuku watazamwe zaidi kuliko vyote, kwani ndio wanaozua ugomvi na majirani. Kwa kuwa wakati huo chanjo zake bado hazijakamilika, asitembezwe mahali wanapopita mbwa wengine, bali abebwe ndani ya pakacha au kapu na kukaa kando na mfugaji akiyatazama hayo yote huku akipewa vipande vidogo vya chakula.

Mwito uwe mmoja, na watu wote wa nyumba wautumie huo huo. Filimbi inafaa kuliko sauti, kwa sababu haibadiliki kwa hasira na husikika mbali hata upepo wa kusi unapovuma. Kila anapolishwa, filimbi ipulizwe mara mbili kwanza, kisha bakuli liwekwe chini. Baada ya siku chache atakuwa anakuja mbio akiisikia, na hapo aanze kuitwa akiwa chumba cha pili, kisha nyuma ya nyumba, kisha akiwa ananusa kitu, kila mara akikuta kipande cha samaki au cha nyama. Asiitwe kwa jambo asilolipenda, kama kuogeshwa au kufungwa. Kwa hayo mfugaji amfuate mwenyewe. Wala asiitwe mahali ambapo kuna uhakika kwamba hatakuja, maana kila mwito usioitikiwa unamfundisha kwamba filimbi ni kelele tu.

Tunalolikemea zaidi ni fimbo. Mbwa wa mbio ana ngozi nyembamba na moyo mwepesi wa kuvunjika, na akipigwa hujikunyata au hujitenga siku nzima. Tena kuna hasara kubwa zaidi ya hiyo: mbwa aliyekimbiza kuku, akarudi baada ya robo saa na kupigwa, hafungamanishi kipigo na kuku, bali hukifungamanisha na kule kurudi, na safari ijayo atasimama hatua ishirini mbali akimtazama mwenyewe bila ya kusogea. Aliyechelewa kurudi apokewe vizuri kama aliyewahi, hata kama mfugaji amekasirika kweli kweli.

Kuanzia miezi minne mafunzo yahamie shambani kwa kamba ndefu ya mita kumi hivi, ifungwe kwenye mkanda wa kifuani na siyo shingoni, kwani mbwa wa mbio akifika mwisho wa kamba kwa kasi anaweza kuumia vibaya shingo. Kwa matembezi ya kawaida ukanda wa shingo uwe mpana na wa kubana kidogo unapovutwa, maana kichwa chake ni chembamba kama shingo yenyewe na ukanda wa kawaida huuchomoa bila taabu. Hapo mfugaji ajifunze kumsoma. Kima anapotikisa jani la mgomba, masikio ya mbwa hunyanyuka, shingo hunyooka, mkia husimama wima au kukakamaa, mguu mmoja wa mbele huinuliwa, na mwili mzima hutulia kimya. Utulivu huo hudumu sekunde moja au mbili, na ndio wakati pekee wa kupuliza filimbi. Akigeuza kichwa tu, apewe zawadi kubwa kuliko ya kawaida. Mfugaji anayesubiri mpaka mbwa aruke ameshachelewa, na asiendelee kupuliza.

Mwendo na mbio ni suala la mifupa. Ncha za mifupa ya miguu ambako urefu hukua huwa bado laini, na kwa mbwa wakubwa hufunga kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Kabla ya hapo, mbwa anayekimbizwa nyuma ya baiskeli au pikipiki, jambo ambalo baadhi ya vijana huliona ni mazoezi, anaweza kuumia kwa namna isiyoonekana mpaka atakapokuwa mkubwa na kuchechemea. Wafugaji wengi hutumia kadirio la dakika tano za kutembea kwa kamba kwa kila mwezi wa umri, mara mbili kwa siku. Si kanuni ya sayansi, lakini humzuia mtu asizidishe. Mchezo wa hiari uani, ambao mtoto mwenyewe huuacha anapochoka, hauhesabiwi.

Uwanja nao uchaguliwe. Ardhi ya uwanda, yenye mawe makali na vishimo vilivyofichwa na majani, haifai kabisa kwa mbio: nyayo huchanika, na mguu unaoingia shimoni kwa kasi hiyo huvunjika. Mchanga mgumu wa ufukwe wa mashariki, maji yakiwa yamekupwa, ni mahali pazuri mno, ila panahitaji hesabu ya bahari. Siku za bamvua, yaani za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hutoka mbali lakini hukupwa katikati ya asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda na kinamama wakiwa kwenye mashamba ya mwani, ambako vigingi na kamba zinaweza kumvunja mbwa na mbwa naye akaharibu kazi ya watu. Ni bora zaidi siku zinazotangulia bamvua, ambazo maji hukupwa mapema asubuhi, na ukanda wa mchanga wa juu unatosha.

Afikishapo kiasi cha miezi kumi anaweza kuanza mchezo wa kufukuza tambara lililofungwa kwenye kamba mwishoni mwa ufito mrefu. Tambara livutwe kwa mstari au kwa duara pana, lisikatwe kona za ghafla, na mara tatu au nne zinatosha kwa siku. Mwishoni aachwe alikamate, kisha abadilishiwe kwa chakula, na papo hapo pana nafasi nzuri ya kupuliza filimbi akiwa bado na ari. Kwa njia hii hamu ya kufukuza inapata pa kutokea bila ya kumdhuru mnyama yeyote.

Mbio ziwe baada ya alfajiri au karibu na magharibi, na wakati wa kaskazi zipunguzwe. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 za Selsiasi, nalo hupanda haraka akikimbia. Akihema bila kutulia, ulimi ukawa mwekundu sana au akayumba, apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe, na daktari atafutwe. Asikimbizwe muda mfupi baada ya kula, kwa sababu mbwa wenye kifua kirefu huweza kuvimba tumbo na tumbo likajizungusha, ugonjwa unaoua kwa saa chache. Mifupa iliyopikwa asipewe.

Mbwa asiachiwe bila kamba karibu na Hifadhi ya Jozani–Ghuba ya Chwaka. Kima punju, ambaye hana asili popote duniani isipokuwa Unguja na visiwa jirani vya Uzi na Vundwe, hushuka chini katika mashamba ya pembeni mwa msitu, na mbwa hatofautishi baina yake na kima wa kawaida. Paa nunga nao wamebakia wachache. Anayekusudia kuwinda kwa mbwa aulize kwanza ofisi ya misitu, na sheha ajulishwe.

Chanjo ya kichaa cha mbwa huchomwa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Chanjo za magonjwa mengine huanza wiki ya sita hadi ya nane, na dawa ya minyoo hutolewa kila wiki mbili mpaka miezi mitatu. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Na mbwa akihitaji kushonwa au kuhasiwa, daktari wa mifugo aambiwe wazi kwamba huyu ni mbwa wa mbio, kwani kwa uchache wa mafuta mwilini na namna ini lake linavyofanya kazi, dawa za usingizi za jamii ya thiopental humchelewesha sana kuamka, na daktari atachagua nyingine.