Biskuti mbichi za mbegu za maboga kwa mashine ya kukaushia

Biskuti hizi hazioni oveni. Badala ya unga kuna mbegu zilizolowekwa na kusagwa, na ndizi ndiyo inayozishikanisha. Mashine inaondoa maji polepole, chakula chenyewe kisipite nyuzi 46 hivi. Unga wa ngano na wa muhogo uache kabisa: kwa joto hilo wanga hauivi, unabaki kama chaki mdomoni, na unga mbichi unaweza kukuharibu tumbo.

Biskuti 30 hivi zinataka gramu 200 za mbegu za maboga zilizomenywa, gramu 50 za ufuta, gramu 250 za ndizi mbivu bila maganda, gramu 80 za tende bila kokwa, kijiko kidogo cha tangawizi iliyokunwa na chumvi kidogo. Sokoni Kadutu, hapa Bukavu, tafuna mbegu moja kabla ya kulipa. Ikiwa na uchungu wa mafuta yaliyochacha, pita. Karanga pia zinafaa, ila mbichi zina ladha ya maharage, na zilizosinyaa au zenye kuvu zitupwe, kwa kuwa sumu ya kuvu haiondoki kwa kukaushwa.

Loweka mbegu saa 8, suuza, chuja, kisha zifute kwa kitambaa mpaka zisidondoshe maji. Zisage kwa vipindi vifupi, zibaki kama chenga za mchele. Ukisaga mfululizo mafuta yanatoka, unapata uji mzito, na biskuti zitakuwa na mafuta juu na unyevu ndani. Saga ndizi na tende pembeni, changanya vyote. Blenda ikikwama, ongeza ndizi, usiongeze maji: kila tone utalilipia kwa umeme.

Lowesha mikono, tengeneza vidonge vya gramu 20, vibonyeze juu ya karatasi ya kuokea viwe na upana wa sentimita 6 na unene wa milimita 7. Ukingo usiwe mwembamba kuliko katikati, la sivyo utavunjika wakati katikati bado ni laini.

Saa ya kwanza weka nyuzi 60. Maji yanayotoka kwa wingi hupoza biskuti, kwa hiyo zenyewe hazifiki huko, na ndizi haipati muda wa kuchachuka. Saa hiyo ikiisha teremsha hadi 46. Ukichelewa, ngozi ya juu inakauka na kufungia maji ndani. Biskuti inaonekana tayari, lakini baada ya siku chache inaota kuvu. Kufikia saa ya 5 zigeuze, bandua karatasi, ziache kwenye wavu mtupu. Kama feni iko chini, sinia za chini hupata joto zaidi: zibadilishane nafasi kila baada ya saa 2 au 3.

Jumla ni saa 10 hadi 12 wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti. Mvua zikianza, hesabu hadi 14. Usiamini kidole peke yake, tumia mizani: biskuti ya gramu 20 ikibaki na 12 inavunjika vizuri, ikibaki na 14 ni ya kutafuna, nayo iliwe ndani ya siku chache.

Bukavu umeme unakatika, kwa hiyo anza saa ambazo mtaa wenu huwa nao kwa kawaida. Ukikatika mwishoni hakuna hasara, endelea ukirudi. Ukikatika mapema, biskuti zikiwa bado zimelowa, na usirudi kwa zaidi ya saa 2, fungua mashine uzinuse. Harufu ya pombe maana yake zimechachuka, zitupe. Umeme ukiwa dhaifu feni inazunguka huku joto likishuka, basi weka kipimajoto ndani ya sinia, usitegemee namba za kitufe. Mashine iliyotoka Marekani huenda ni ya volti 110. Soma kibandiko kabla ya kuichomeka kwenye 220.

Ziache zipoe kabisa kabla ya kuzifunga kwenye chupa yenye kifuniko, maana mvuke wa biskuti moto unageuka maji ndani ya chupa. Asali inaweza kuchukua nafasi ya tende, vijiko 2 vya supu, ila inavuta unyevu wa hewa na biskuti zitalainika haraka. Na mtoto chini ya mwaka 1 asipewe zenye asali. Zikilainika bila harufu wala doa, saa 1 kwenye nyuzi 46 inazirudisha.