Kupima kama maji yanaharibu DNA kwa kutumia kitunguu

Ukitaja kupima uharibifu wa DNA watu wanawaza maabara kubwa na mashine za bei mbaya, kumbe kuna kipimo kinachohitaji kitunguu maji, hadubini na kemikali chache za maabara ya shule tu. Msweden Albert Levan alikieleza mwaka 1938 na mpaka leo watafiti wanakitumia kupima maji ya mito na ya viwandani. Kwenye ncha ya mzizi wa kitunguu seli zinagawanyika muda wote, alafu kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba DNA, ni 16 tu tena kubwa, kwa hiyo zikikatika unaziona.

Tafuta vitunguu vidogo vinavyolingana, kama 6 kwa kila sampuli, visiwe vimepigwa dawa ya kuzuia kuota maana hiyo yenyewe inavuruga kromosomu. Menya maganda makavu, kwangua mizizi ya zamani kwenye kitako, kalisha kila kimoja juu ya glasi kitako kiguse maji unayopima. Seti moja iwe na maji ya kunywa ya chupa, hiyo ndo kontroli, yaani ya kulinganishia, na bila yake huna kipimo kabisa. Weka gizani siku 2 au 3, badilisha maji kila siku.

Pima mizizi na rula. Ikiwa mifupi sana kuliko ya kontroli basi kuna kitu kinaumiza mmea, ila usiseme DNA bado, hata chumvi nyingi inafupisha mizizi.

Ili uone kromosomu, kata ncha, loweka saa 24 kwenye mchanganyiko wa alkoholi sehemu 3 na asidi asetiki kali sehemu 1, alafu zilainishwe kwa asidi ya haidrokloriki, zipakwe rangi ya asetokamini na zibonyezwe chini ya kioo chembamba. Tafadhali hii fanyeni maabara ya shule na mwalimu awepo, miwani na glavu, sio jikoni. Kuza mara 400, tafuta seli zinazoachana huku zimeunganishwa na daraja, vipande vilivyobaki nyuma, na kiini kidogo kimekaa pembeni ya kiini kikubwa, hizo ndo dalili za kromosomu kuharibika.

Sasa kuhesabu, hapa ndo watu wanaharibu kazi. Hesabu seli 1,000 kwa kila kitunguu uone ngapi zina dalili hizo, na mtu mwingine afiche majina ya slaidi, abandike namba tu. Mi mara ya kwanza nilihesabu nikijua slaidi ipi ni ya mtoni na kila doa nikaliita kiini kidogo, rafiki yangu alipoficha majina nikarudia, ile tofauti kubwa ikayeyuka karibu yote. Iliniuma ila afadhali ilitokea kabla sijawaambia majirani.

Na hata ukikuta tofauti ya kweli, kitunguu hakikwambii ni kemikali gani wala kwamba fulani ataugua kansa, usiende kutisha watu. Rudia mara 3, andika tarehe, mahali ulipochota na kama mvua ilinyesha, piga picha za seli, alafu peleka kwa wataalamu wa maji wapime kemikali. Ncha zilizobaki zihifadhi kwenye alkoholi ya asilimia 70 ndani ya friji, zinakaa muda mrefu, ili anayebisha akazihesabu mwenyewe.