Kabla ya Kujiunga na Mafunzo ya Huduma za Afya ya Akili Ngazi ya Jamii

Kijana anayetaka kujifunza kazi ya kuwasaidia wenye matatizo ya afya ya akili na uraibu kijijini au mtaani kwake huanza, mara nyingi, kwa kuuliza ada ni kiasi gani na cheti kinatolewa na nani. Maswali hayo yana haki yake, lakini yapo mengine yanayopaswa kuyatangulia, kwa kuwa kazi hii itamwingiza majumbani mwa watu wakati wakiwa katika hali dhaifu kuliko zote.

Kwanza aielewe nafasi yenyewe. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii hatoi jina la ugonjwa wala hapangi dozi. Hutambua dalili mapema, husikiliza, huelimisha familia, humfikisha mgonjwa zahanati au kituo cha afya, kisha humfuatilia asije akaacha dawa pindi anapojisikia nafuu. Kwa nchi ya Kenya, ushauri nasaha na saikolojia ni taaluma zenye sheria yake tangu mwaka 2014, hivyo kozi fupi haimpi mtu ruhusa ya kujitangaza kuwa mwanasaikolojia. Mipaka hiyo haiipunguzii kazi thamani. Mjini Harare, mpango wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa na daktari wa magonjwa ya akili, Dk. Dixon Chibanda, mwaka 2006 uliwafunza akina bibi wa mitaani namna ya kumsaidia mtu kulipanga na kulitatua tatizo lake hatua kwa hatua, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa nao walipungukiwa na dalili za sonona (huzuni nzito isiyoisha) na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Jambo ninalolipa uzito katika mfano huo ni kwamba akina bibi hao hawakuachwa peke yao. Walikuwa na wasimamizi wa kuwaendea kesi ilipowazidi. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, mwombaji aulize: nitakapomaliza, nani atanisimamia, na nitamwona kila baada ya muda gani?

Aulize pia mafunzo yenyewe yamebeba nini. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Tanzania Januari 2024 unagusa mambo mengi kwa pamoja, yakiwemo afya ya mama na mtoto, malaria, kifua kikuu na lishe, kiasi kwamba afya ya akili ni sehemu moja tu kati ya nyingi. Mwenye nia ya kubobea humo anahitaji mafunzo ya vitendo katika kliniki ya afya ya akili ya wilaya au mkoa na, ikiwezekana, katika kliniki ya methadoni, yaani dawa ya kunywa wanayopewa waraibu wa heroini badala ya heroini, huduma iliyoanza katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011 na baadaye kufika mikoa mingine. Aliyewahi kusimama pale asubuhi, akaona watu wakija mmoja mmoja kunywa dozi yao mbele ya mhudumu na kisha kuondoka kwenda kazini, atakuwa na la kumweleza mzazi anayelalamika kwamba mwanawe ametolewa kwenye dawa moja ya kulevya na kutiwa kwenye nyingine.

Ajipime mwenyewe vilevile. Kifafa hutibiwa katika kliniki hizo hizo za afya ya akili, na bado wapo wanaoogopa kumgusa mtu aliyeanguka wakiamini kwamba mate yake huambukiza. Hayaambukizi, na anayeingia kazini na hofu hiyo ataieneza. Familia nyingi zitakuwa zimeshapita kwa shehe, kwa mchungaji au kwa mganga kabla ya kumfungulia yeye mlango. Akiwadharau, hatafunguliwa tena.

Kuna swali moja ambalo ni vyema alizoee mapema kwa kulitamka kwa sauti. Dodoso la PHQ-9, linalotumika sana kupima sonona na lililo na tafsiri ya Kiswahili, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na la mwisho huuliza iwapo mtu amekuwa na mawazo kwamba ni afadhali afe au ajidhuru. Wanafunzi wengi hulipita harakaharaka au hulizungusha kwa mafumbo, wakihofia kumtia mwenzao wazo ambalo hakuwa nalo, ilhali kuuliza kwa upole na waziwazi hakumpandikizii mtu wazo la kujiua na mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kulisema. Jibu likiwa ndiyo, mgonjwa haachwi peke yake, sumu ya panya na dawa za mashambani huondolewa nyumbani, na msimamizi hupigiwa simu hapo hapo. Ajue pia kwa nini familia huficha: nchini Tanzania jaribio la kujiua ni kosa kisheria, na nchini Kenya ni Januari 2025 tu ndipo Mahakama Kuu ilipokitangaza kifungu kama hicho kuwa kinyume cha Katiba.

Kutunza siri kijijini ni kugumu kuliko hospitalini. Baiskeli ya mhudumu anayejulikana kwa kazi ya afya ya akili tu, ikionekana imeegemezwa ukutani kwa mtu, imeshatoa taarifa kwa majirani wote, na ndiyo maana ni busara kuichanganya ziara hiyo na ukaguzi wa vyandarua na kadi za kliniki za watoto katika nyumba zote za jirani. Mama mkwe akija kuketi karibu na kujibu kwa niaba ya mkwewe, ni vizuri kuwa na sababu ya heshima ya kuomba faragha, kwa mfano kumwomba mgonjwa amsindikize mgeni hadi njiani. Jina la mgonjwa lisiandikwe kwenye daftari linaloachwa mezani, wala kesi yake isitajwe kwenye kundi la WhatsApp, hata bila jina.

Aliyepona uraibu au aliyewahi kuugua anafaa sana kwa kazi hii, alimradi awe na mtu wa kuzungumza naye pale masimulizi ya wengine yatakapomrudisha alikotoka. Aliyefiwa karibuni ni afadhali asubiri kidogo. Kuhusu malipo, wahudumu wengi hujitolea au hupewa posho isiyo na uhakika, kwa hiyo kiasi chake, siku ya kulipwa na nani atagharamia nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali viulizwe mapema na kuwekwa kwenye maandishi.