Venye utashuka town mdogo mdogo meli ikitia nanga

Watu wa Nairobi wengi wakienda kruzi, yaani safari ya meli ya kitalii inayopitia bandari kadhaa, wanashuka bandarini na ule mwendo wa kukimbilia matatu jioni, wanataka kumaliza mji mzima kwa masaa sita. Mimi napangia watu hizi safari na naomba sana usifanye hivo, umelipa pesa mingi ili upumzike. Fuata hizi hatua.

Hatua ya 1: ukiwa bado Nairobi
Angalia viza ya kila bandari. Mfano kama meli inatoka Ugiriki inaingia Uturuki halafu inarudi Ugiriki, pasipoti ya Kenya inataka viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo lakini si Uturuki) ya kuingia zaidi ya mara moja, ukiwa na ya mara moja hiyo safari ina shida.

Hatua ya 2: usiku wa kuamkia bandari
Ratiba ya kesho inaletwa kwa kabini ama iko kwa app ya meli. Ipige picha, hasa saa ya mwisho ya kurudi na namba ya ajenti wa bandari, yule anayewakilisha meli hapo. Halafu shika saa ya meli, usiamini simu, juu simu ikipata netwok ya nchi kavu inajibadilisha yenyewe, na Ushelisheli na Morisi wako saa moja mbele yetu.

Hatua ya 3: kunywa chai kwanza
Wale wa ziara za meli, zile meli yenyewe inapanga na kuuza, ndio wanatoka asubuhi mapema, foleni ni refu, na kama mnavushwa na boti ndogo ni mbaya zaidi. Ngoja ipungue. Beba kadi ya kabini, kitambulisho, maji, na pesa taslimu kidogo.

Hatua ya 4: chagua kitu kimoja
Kimoja tu! Mombasa, chukua Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593, ukitoka hapo uingie Mji wa Kale kwa miguu. Unguja, zunguka Mji Mkongwe, vaa nguo ya kufunika mabega na magoti, na ujue Ijumaa adhuhuri maduka mengi yanafungwa. Vyakula vya Forodhani ni vya jioni, meli ikiondoka saa kumi na moja utavikosa, kwa hivo tafuta urojo mchana: rojo la manjano lenye ukali wa embe na ndimu, ndani viazi, bajia na mishikaki, juu chipsi za muhogo nyembamba ambazo lazima uzile kabla hazijalainika. Kaa kwa benchi, kula polepole, ongea na muuzaji. Hiyo ndiyo siku yenyewe.

Hatua ya 5: geuka mapema
Ukiwa kwa ziara ya meli na mkwame jam, meli itawangoja. Ukiwa peke yako haingoji, na nauli ya kuifuata bandari ya mbele ni yako. Anza kurudi saa moja na nusu kabla ya ile saa ya mwisho. Ukifika mapema panda dek ya juu ukaogelee, wengi bado wako town na viti vya kivulini viko wazi.