Kona ya kazi kwa mtoto wa miaka 3 hadi 5: namna ya kuiandaa, kisha kujiondoa

Anza na rafu. Iwe fupi kiasi kwamba mtoto akisimama anaona kilichowekwa juu yake bila kujinyoosha. Kwa wengi wa umri huu, kimo cha sentimita 60 hadi 80 kinatosha. Ikaze ukutani kwa skrubu, maana iko siku ataipanda. Weka kazi, yaani shughuli za mikono kama kumimina au kufinyanga, tano au sita tu, kila moja kwenye trei yake, na kati ya trei na trei acha nafasi ya kiganja. Kila kinachohitajika kiwe ndani ya trei hiyohiyo, hadi kitambaa cha kufutia. Mtoto akilazimika kuja kukuomba sponji, kazi imekwisha kuwa yako.

Wengi hukwama hapahapa. Hujaza kikapu kimoja vitu hamsini, mtoto anavimwaga sakafuni na kuondoka, nao husema hana utulivu. Atatulia vipi, na haoni kazi inaanzia wapi wala inaishia wapi? Trei humwekea mpaka huo.

Rafu ya wazi yenyewe ina asili yake. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Kiitaliano, alipofungua "nyumba ya watoto" yake ya kwanza, yaani shule ya watoto wadogo, mjini Roma mwaka 1907, vifaa vilifungiwa kabatini na mwalimu ndiye aliyevigawa. Siku moja kabati halikufungwa. Watoto wakajichukulia walichokitaka na kuanza kazi. Baada ya hapo vifaa vikahamishiwa mahali pafupi, ambapo mtoto anafika mwenyewe.

Kazi ya kwanza: kumimina

Hakuna kazi inayolipa kama hii kwa gharama ndogo namna hii. Tafuta majagi mawili yanayofanana, yenye mikono na midomo ya kumiminia, ya mililita 200 hadi 250. Jagi lisilo na mdomo huteremsha maji ubavuni, na mtoto ataona kosa ni lake kumbe ni la chombo. Epuka plastiki nyepesi sana, huteleza na kupinduka. Kauri ndogo nzito ni afadhali, hata kama siku moja itavunjika.

Fuata mpangilio huu, wala usiruke hatua:

1. Maharage makavu, nusu ya jagi. Punje kubwa hushuka polepole, hulia zikigonga, na zikidondoka huokoteka.
2. Punje ndogo, kama mchele. Sasa mkono lazima uinamishe jagi taratibu.
3. Maji, theluthi moja ya jagi, yakiwa na tone la rangi ili ayaone yakipanda. Ongeza kipande cha sponji cha sentimita 5 kwa 7. Sponji kubwa haikamuliki kwa kiganja kidogo.
4. Jagi moja na vikombe vitatu vyenye mstari uliochorwa. Hapa anajifunza kusimamisha mkono, na huko kuacha ndiko kugumu kuliko kumimina kwenyewe.

Punje hizo kaa nazo macho. Maharage yasiyopikwa yana sumu yakitafunwa, na punje iliyoingia puani huvimba ikipata unyevu. Kwa mtoto ambaye bado anatia vitu mdomoni au puani, anza na maji.

Kumwonyesha

Onyesha mara moja, pole kuliko unavyodhani inahitajika. Kama unatumia mkono wa kulia, kaa kulia kwake, mkono wako usimzibe. Ukisogeza mikono, funga mdomo. Ukisema, tuliza mikono. Mtoto wa miaka mitatu akiwekewa vyote viwili kwa pamoja hutazama uso wako, na mikono humpita. Angusha punje mbili tatu kusudi, ziokote moja moja, rudisha trei rafuni, kisha mwambie zamu ni yake.

Halafu ondoka. Kaa hatua tatu kutoka alipo, ukiwa na daftari. Andika alianza saa ngapi, alirudia mara ngapi, alikwama wapi, aliacha lini. Akirudia kitu kilekile mara kumi na mbili usimpe kingine; kurudia ndiko kujifunza kwenyewe. Na usimpigie makofi katikati. "Hodari!" humfanya ainue kichwa akutazame, na uzi umekatika. Akimaliza na kukugeukia, taja ulichokiona: "Umemimina yote, hakuna punje iliyobaki."

Kujizuia kusaidia ndiyo sehemu inayowashinda watu wazima. Akikwama, hesabu kimoyomoyo hadi ishirini kabla ya kunyoosha mkono. Ingia mara moja anapojihatarisha, anapoumiza mwenzake au anapoharibu kifaa kwa makusudi. Maji yaliyomwagika hayamo katika orodha hiyo, sponji ipo.

Kumfuata mtoto si kumwachia kila kitu. Wewe unaamua nini kiwe rafuni. Yeye anaamua aanze na kipi, akae nacho muda gani, arudie mara ngapi. Sharti ni moja: trei irudi mahali pake kabla ya kuchukua nyingine. Atasahau kwa wiki kadhaa. Usimfokee wala usimrudishie wewe, tembea naye hadi rafuni akiwa ameishika mwenyewe.

Unga wa kufinyanga

Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, na maji ya vuguvugu robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, ukiongeza kidogokidogo. Kanda dakika tano. Ukinata, ongeza unga kijiko kimoja kimoja. Ukipasuka, lowanisha mikono na ukande tena. Hifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa, na ukianza kunuka au kutoa majimaji, tupa. Hauliwi, kwa sababu ya chumvi na ya unga mbichi. Kama kuna mbwa, usiachwe anapofika, chumvi hiyo yaweza kumuua.

Wiki ya kwanza usitoe vifaa vya kukatia maumbo. Mtoto hubonyeza nyota nne na kazi ikaishia hapo, vidole havijafanya kitu. Mwache aviringishe, akandamize, anyofoe. Fimbo fupi ya kusukumia ije baadaye.

Vipande vya mbao

Chagua seti iliyokatwa kwa uwiano: kipande cha msingi huwa takriban sentimita 14 kwa 7 kwa 3.5, na vingine ni nusu yake au mara mbili yake. Mtoto akikosa kirefu, hugundua kwamba vifupi viwili vinaziba pengo lilelile, hesabu ambayo hukumfundisha. Seti za vipimo visivyolingana ni za bei rahisi, lakini ukuta hauji sawa na hajui kwa nini. Vipande 40 hivi vinamtosha mtoto mmoja. Mnara ukiyumba, nyamaza. Utaanguka, na kuanguka kwake kunaeleza kuliko wewe.

Usalama, kwa ufupi: kinachopita kwenye bomba la ndani la karatasi ya chooni hakimfai mtoto anayetia vitu mdomoni. Sumaku ndogo na betri za vidonge, zile bapa za mviringo, zisiwepo kabisa. Beseni la maji, hata yenye kina cha sentimita 5, lisiachwe na mtoto peke yake. Kazi ikiisha, mwaga papo hapo.

Kubadilisha

Soma daftari kila mwisho wa wiki. Akifanya mara moja haraka huku macho yake yako kwingine, kazi imekuwa nyepesi. Akirusha, akikuita kila dakika au akigeuza jagi kuwa gari, huenda ni nzito mno. Badilisha jambo moja tu: punje, au ukubwa wa chombo, au idadi ya vikombe, ukibadilisha matatu kwa mpigo hutajua lipi lilimsaidia. Trei isiyoguswa kwa wiki mbili iondoe bila kumwambia, na irudishe baada ya mwezi.