Usiulize nyumba ya vyumba vitatu inakula ngapi, hesabu mwenyewe (somo la makadirio, na maswali ya wadau)

Wakuu salama? Kuna swali naulizwa karibu kila wiki, kwenye daladala, msibani, hadi kinyozi kwangu: "nyumba ya vyumba vitatu inakula ngapi mpaka kuhamia?" Nikijibu inategemea mtu ananuna, anaona namnyima siri. Siri hakuna. Mimi si injinia, ni mwalimu wa sekondari niliyejenga Chanika, Dar, kwa miaka minne kwa mshahara na kikoba cha mke wangu, na kwenye hiyo miaka minne nimepigwa na kila mtu, wa mchanga, wa nondo, fundi. Nilichotoka nacho ni hiki, bei inapanda na kushuka lakini idadi ya tofali kwenye ukuta haipandi wala haishuki, kwahiyo ukiwa na idadi mkononi hata bei usipoijua atakayekupiga atakupiga kidogo tu.

Mfano wetu ni nyumba ya mita 11 kwa 9, tofali za nchi 6, udongo wa kawaida wa kichanga kama wa kwetu.

Hatua ya 1: pima kuta, usihesabu vyumba

Chukua ramani, jumlisha urefu wa kuta zote. Za nje ni 11+9+11+9 = mita 40. Za ndani kwenye ramani yangu zilikuja mita 38. Jumla 78. Hiyo namba 78 iandike hata ukutani pale geto kwako maana kila kitu mpaka lenta (mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha) kinatoka hapo. Ndio maana nyumba mbili za vyumba vitatu zinaweza kupishana mamilioni, mmoja kaweka kona kumi na korido ya kona mbili, mwenzie kajenga boksi.

Na kabla hata ya hiyo ramani hakikisha kiwanja kimepimwa na kibali cha ujenzi umekichukua halmashauri. Naandika kwa ufupi lakini ukija kuchorwa ile X nyekundu mahesabu yote ya huku chini hayana kazi.

Hatua ya 2: msingi

Mtaro ukishachimbwa kuna zege la chini. Upana sentimita 60, unene 15, urefu mita 78: 78 x 0.6 x 0.15 = mita za ujazo 7. Zege la ratio 1:2:4 (simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne) weka mifuko 6 na nusu kwa kila mita ya ujazo, hapo ni mifuko 45. Mafundi wengi mtaani watakwambia zege la chini la nini bosi, tutapanga tofali juu ya udongo. Kataa.

Tofali za msingi tunazilaza. Mstari mmoja wa mita 78 unakula tofali kama 170 (gawa kwa 0.46, yaani urefu wa tofali pamoja na udongo wa katikati, ule wa simenti na mchanga). Mistari mitano ni 850, ongeza za kuvunjika weka 900. Kujengea hizo za kulaza mimi nilihesabu tofali 45 kwa mfuko, mifuko 20.

Juu yake mkanda (zege lenye nondo linalopita juu ya msingi wote), 78 x 0.225 x 0.2 = mita 3.5, mifuko 23. Nondo nne za mm 12 kuzunguka kote ni mita 312, nondo moja mita 12, kwahiyo 26, ongeza za kupishanisha kwenye maungio uwe na 29. Ringi (vyuma vya kuzungushia hizo nondo nne) kila baada ya sentimita 20 ni ringi 390, kila moja inakula kama sentimita 70 za mm 8, hapo nondo 23 za mm 8. Fundi wangu alitaka niandike 40. Nilipomuuliza hesabu yake iko wapi akasema "uzoefu mwalimu".

Halafu jamvi (zege la sakafu): mita za mraba 99, unene sentimita 10, ni mita 9.9, mifuko 64. Kifusi cha kujazia humo ndani wengi wanakisahau kabisa, na kama kiwanja kina mteremko kifusi kinaweza kukutoa machozi kuliko simenti.

Hatua ya 3: boma (kuta kabla ya paa) mpaka lenta

Ukuta wa mita 3 kwenda juu: 78 x 3 = 234. Toa milango na madirisha, kwangu ilikuwa 31, inabaki 203. Toa na mkanda wa lenta wenyewe (78 x 0.2), inabaki kama 187. Kila mita ya mraba tofali 10 za kusimamisha, ongeza asilimia 5 ya kuvunjika, unapata karibu 2,000. Mfuko mmoja kwa tofali 60, mifuko 33. Lenta yenyewe ni 78 x 0.15 x 0.2 = mita 2.34, mifuko 15, nondo za mm 12 tena 29.

Sasa jumlisha simenti: 45+20+23+64+33+15 = mifuko 200. Tuseme mfuko ni 16,000, hapo una 3,200,000 ya simenti peke yake, na tofali zenyewe hujanunua. Umeona sasa? Fundi akija na karatasi ya mifuko 290 unajua pa kuanzia kuuliza.

Kwenye simenti angalia namba kwenye mfuko, 42.5 ni ya zege (mkanda, lenta, jamvi), 32.5 inatosha kujengea na ripu (plasta).

Hatua ya 4: jinsi ya kutopigwa saiti, hapa ndio pana utamu

Mchanga. Nilinunua lori nikaambiwa ni "mita kumi". Siku hiyo nilikuwa na futi kamba mfukoni kwa bahati tu, nikapanda juu ya tairi nikapima bodi: urefu 4.2, upana 2.2, kina sentimita 85. Zidisha, 7.85. Mita kumi iko wapi? Dereva akacheka akasema "mwalimu hiyo mita kumi ni jina la gari". Toka siku ile nanunua kwa futi kamba na bei tunaongea baada ya kupima. Na mchanga ukiwa na unyevunyevu unavimba, ujazo unaweza kuongezeka hata robo, kwahiyo lori la mchanga mbichi unalipia na hewa. Mchanga wa ufukweni usikubali hata ukipewa bure, ile chumvi inakula nondo ndani ya zege na wewe unaona ukuta uko salama.

Nondo. Hesabu yake ni rahisi, kipenyo zidisha kipenyo gawa kwa 162 unapata kilo kwa mita. Ya mm 12 ni 0.89, kwahiyo nondo nzima ya mita 12 inatakiwa kuwa karibu kilo 10.7. Mm 10 ni kilo 7.4. Nilienda duka moja nikaomba tupime, muuzaji akaninunia lakini akapima, ikasoma kilo 8.7. Piga hesabu kurudi nyuma hiyo ni kama mm 10.8, na inauzwa kwa jina la mm 12. Sikumgombeza mtu, nilivuka barabara nikanunua kwingine.

Simenti. Mfuko ukiisha unabaki mfuko mtupu, jioni nahesabu mitupu. Nikaja kugundua mitupu inaletwa kutoka saiti ya jirani, ndio nikaanza kupuliza rangi nyekundu kidogo kwenye kila mfuko siku unapoingia stoo.

Fundi. Lipa kwa hatua, sio kwa siku, na karatasi isainiwe mbele ya mjumbe: msingi shilingi kadhaa, boma kadhaa, na katika kila hatua bakiza kitu mpaka upitishe pima maji na timazi uone kama ukuta umenyooka. Hapa nina kidonda. Fundi wangu wa boma alikuwa rahisi kuliko wote, nikajiona mjanja. Wakati wa ripu ukuta wa korido ukaonekana umelala, huku ripu sentimita 1 kule sentimita 4 ili unyooke. Hesabu ya ripu nyumba nzima pande zote mbili ilikuwa kama mifuko 40. Ilikula 57, na mchanga wake, na siku za fundi. Ule urahisi wa boma niliulipa kwenye ripu, na riba juu.

Hatua ya 5: paa

Usipige hesabu ya paa kwa ukubwa wa sakafu. Ongeza sentimita 60 za kutokeza kila upande: 12.2 x 10.2 = 124. Kisha mlalo, kama paa ni nyuzi 30 zidisha kwa 1.15, ni mita za mraba 143. Muulize muuzaji bati linafunika upana gani baada ya kulaliana, usikubali upana wa bati likiwa chini. Tuseme linafunika 0.75 kwa 2.8, hapo ni bati 68, na za kukata kwenye kona weka 75. Geji 28 ni nene kuliko 30, namba kubwa ndio bati jepesi, wengi wanaielewa kinyume.

Mbao na bati vinunuliwe kwa mkupuo mmoja. Kama hela ya bati haipo usipandishe kenchi (fremu za mbao za kubeba bati), mbao zitanyeshewa zitapinda na utanunua tena.

Hatua ya 6: pa kusimama hela ikiisha

Hela itaisha, hilo lipange. Pazuri pa kusimama ni jamvi likishamwagwa, au lenta ikishafungwa. Pabaya ni nondo zimechomoza hewani zinashika kutu, au ukuta nusu usio na mkanda juu, masika mbili zikipita unaanza kubomoa mistari ya juu.

Na usidanganyike na boma. Kwangu mpaka lenta ilikuwa kama theluthi tu ya hela yote. Milango, grili, aluminiamu, wayaringi, bomba, shimo la choo, gypsum, tailizi, rangi, hivyo vinakuja kimya kimya. Kuna na visivyoandikwa popote: boza la maji ya kumwagilia zege siku saba, hela ya mlinzi, chai ya saidia fundi, bodaboda ya kukimbizia misumari kilo mbili. Kwa hivyo vya pembeni ongeza asilimia 15 ya jumla.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Moro: Mwalimu huku tunajengea tofali za kuchoma, hii ya 10 kwa mita inatufaa?
Jibu: Hapana mkuu, za kuchoma hazina saizi moja, kila tanuru na kibao chake. Panga mita moja kwa mita moja chini pale pale kwenye tanuru, acha nafasi ya udongo, hesabu. Na za kuvunjika weka hata asilimia 10.

Fundi Mstaafu: Umezidisha, tofali ni 9.3 kwa mita sio 10, halafu juu yake ukaweka tena asilimia 5.
Jibu: Uko sahihi mzee wangu, kwa hesabu kavu ni 9.3 hivi. Mimi naweka 10 kwasababu za vipande vya kona na za pembeni mwa madirisha hazirudi. Mwenye fundi mzuri kama wewe atabakiwa na tofali, zitajengea karo (shimo la maji machafu).

Dada wa Muscat: Shikamoo mwalimu, natuma hela kwa kaka yangu ajenge Bagamoyo, mwaka wa pili anasema msingi unakula sana. Nifanyeje bila ugomvi?
Jibu: Marahaba dada. Usimuulize hela, muulize vipimo. Mwambie akutumie video akiwa ameshika futi kamba, urefu wa kuta, mistari mingapi ya msingi, unene wa zege. Piga hesabu za hatua ya 2 mwenyewe. Halafu vifaa vikubwa lipa dukani moja kwa moja, yeye apokee mzigo tu na akutumie picha ya risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi). Kama ni mkweli atafurahi umempunguzia lawama.

Jirani wa Nairobi: Huku kwetu nyumba inahesabiwa kwa skwea futi, unazidisha tu. Si ni rahisi zaidi?
Jibu: Ni rahisi kujua kama unaiweza au huiwezi, hapo nakubali. Lakini haikwambii ununue nini Jumamosi hii. Na nyie mnajengea mawe ya kuchonga, pima jiwe lenu, fomula ni ile ile.

Kijana wa VETA: Ninunue simenti mifuko 100 sasa hivi bei iko chini niweke stoo?
Jibu: Kama unaimaliza ndani ya miezi miwili, mitatu, sawa, iweke juu ya mbao isiguse chini wala ukuta. Zaidi ya hapo inaanza kuganda na kupoteza nguvu. Ukitaka kuwekeza mapema nunua kokoto au tofali, hizo haziozi.

Shemeji wa Mbagala: Paa la kuficha (bati linalojificha nyuma ya ukuta) ni rahisi kweli kama wanavyosema?
Jibu: Mbao zinapungua kweli shem, lakini unaongeza ukuta wa kuficha, ripu yake pande mbili, na mifereji. Na likivuja linavujia ndani. Piga hesabu zote mbili ndio uchague.

Mama Nuru: Na ule ukuta wa korido ulinyooka?
Jibu: Kwa macho umenyooka. Tuliweka kabati pale, juu kuna nafasi ya vidole vitatu, mama watoto kaifanya sehemu ya kuchomekea mkeka.